Nyota Tano za Maître Zéphirin

Mtu wa tatu juma lile kubisha lango la Maître Zéphirin huku akimtafuta wakili mwingine alikuwa mwanamume mnene, aliyeshika simu mbele ya uso kama anayefuata harufu ya nyama choma. Alisimama chini ya kibao cha shaba chenye jina la Zéphirin. Tina, mke wa Zéphirin na karani wake, alikuwa amekisugua kibao hicho kwa limau asubuhi ileile.

"Mama, ni hapa kwa Maître Magloire?"

"Papa, kibao iko mbele yako. Soma."

Mwanamume alisoma, midomo ikichezacheza, kisha akairudia simu yake. "Shi téléphone inasema ni hapa karibu. Mètre mia mbili."

"Basi ufuate téléphone yako mètre mia mbili. Minye siko polisi ya barabara."

Akamfungia lango. Alijua vizuri kabisa ofisi ya Magloire ilipo: kona ya pili, juu ya duka la dawa. Alijua kwa sababu Magloire alijifunzia uwakili katika nyumba hii, miaka miwili mizima, akila bukari, ugali wa Tina, na kumwita mama. Siku hizi mtu yeyote wa Likasi akiandika neno "avocat" kwenye simu, anayetokea ni Magloire, na toga yake, lile joho jeusi la mawakili, na meno yake yote nje, na nyota arobaini na moja za kumsifu. Maître Zéphirin aliyesimama mbele ya mahakimu miaka thelathini hatokei hata kwa bahati mbaya. Tina alikuwa na hasira, na hasira yake haikuwa na pa kwenda.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja kando ya nyumba, chenye meza mbili, kabati la majalada na benchi la wageni. Mwezi ule benchi lilikaliwa na watu watatu. Mmoja wao alikuwa Martine, mjane wa mtaa wa Kikula ambaye ndugu za marehemu mumewe walitaka kumtoa katika lupango lake, nyumba na kiwanja alivyoachiwa. Zéphirin alimtetea bure.

*

"Avocat hajitangazake," alisema Zéphirin mchana ule, akifinyanga tonge la bukari pole pole. "Minye siko muuzishaji ya mikate. Sheria yetu iko wazi. Kibao, jina, numéro. Ukianza kukimbilia ba client, mukubwa wa mawakili anakuvua toga."

"Na Magloire?" Tina aliuliza. "Yeye toga yake bameishona ku ngozi? Juu ya nini habamuvue?"

"Magloire iko na dhamiri yake, minye niko na yangu."

"Dhamiri yako bantu habaione, Zéphirin! Banapita mbele ya lango banaenda kwa mutoto wenye nilimufundisha kuvaa kravate!"

Gaëlle, binti yao, alisukuma sahani kando. Alikuwa amemaliza masomo ya kompyuta Lubumbashi mwaka uliopita na bado hakuwa na kazi, jambo ambalo baba yake alilitaja karibu kila siku. "Papa, kuonekana haiko kujitangaza. Natia jina ya cabinet, adresse, saa ya kufungua. Muntu akitafuta, akupate. Njo vile tu."

Zéphirin alinawa mikono, akaikausha kidole kimoja kimoja. Hakupenda kushindwa mezani, lakini benchi tupu lilikuwa limemshinda kabla yao.

"Jina, adresse, saa. Point. Hakuna photo ya client. Hakuna jina ya client. Hakuna affaire ya muntu. Gaëlle, umesikia?"

"Nimesikia, papa."

Alisema hayo akimtazama Gaëlle tu. Hakufikiri kumtazama mkewe.

*

Gaëlle alifanya kazi siku mbili, akihangaika na umeme uliokatika na mega za intaneti zilizoisha. Siku ya tatu Cabinet Maître Zéphirin ilikuwa na ukurasa wake, na alama nyekundu kwenye ramani iliangukia barabara juu ya paa lao. Tina aliutazama katika simu yake mwenyewe kama mtu anayetazama picha ya harusi. Kisha akaona chini ya jina pale pa nyota, na pale palikuwa peupe.

"Nyota iko wapi?"

"Nyota batu njo banatoa, mama. Bale benye papa alisaidia, baandike maneno kidogo. 'Avocat sérieux.' 'Anapokeaka bantu muzuri.' Mbili, tatu, inatosha." Gaëlle alikuwa anapanga mfuko, alikuwa ameitwa Lubumbashi kwa mtihani wa kazi, siku nne. "Nimeacha page wazi mu téléphone yako, uone kama muntu ameandika. Lakini usiguse kitu."

"Minye mutoto mudogo?" alisema Tina.

Alhamisi ilikuwa siku ya shirika, kikundi cha sala cha Wakatoliki wa mtaa, ambacho kila juma hukutana katika nyumba ya mwanachama mmoja. Na hapa msomaji asicheke, kwa sababu ndipo kisa chote kilipozaliwa. Katika shirika lile, ushuhuda una kanuni zake. Anayeshuhudia hutaja jina lake, jina la adui yake, mtaa, siku, na jinsi Mungu alivyomficha. Mungu hasemwi nusu nusu. Na anayesikiliza hakatizi. Mwaka mmoja mama fulani alikatizwa kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Juma lililofuata mwanawe akaanguka mtihani wa serikali, na mpaka leo mtaa mzima unajua ni kwa nini.

Baada ya rozari Tina aliwaomba waliowahi kusaidiwa na Maître watoe neno zuri kwenye simu. Wengi waliangalia viatu vyao. Kumsifu wakili hadharani ni kutangaza kwamba ulikuwa na kesi. Aliyeinua mkono ni Martine peke yake.

"Minye sijui kuandika ku téléphone," alisema. "Lakini kinywa niko naye. Mama Tina, uandike, minye nitashuhudia."

Wakakaa kwenye kiti kimoja kirefu, nyumba ikiwa bado imejaa watu. Martine alifumba macho, akaunganisha mikono, akaanza. Na Tina akaandika kwa dole gumba, neno kwa neno:

"Minye Martine, mujane ya Pitshou wa ku Kikula. Bwana yangu alikufa mwezi wa tatu. Shemeki yangu Gracien na ndugu yake balikuya ku kilio, habakulia, bakapasua matelas ya kitanda, banatafuta makaratasi ya lupango. Nikaenda kwa Maître Zéphirin. Hakuniomba hata franc. Akaniambia, mama, utoshe makaratasi mu ile nyumba, uifiche mbali. Nikaipeleka kwa dada yangu Arielle, Kapolowe, nyuma ya mission..."

Dole gumba la Tina likasimama. Hakuna jina ya client, alisema Zéphirin. Hakuna affaire ya muntu. Aliinua macho. Martine alikuwa bado amefumba yake, machozi yakimteremka, na watu wa shirika wote wakimsikiliza. Nani angemkatiza mjane katikati ya ushuhuda? Na Zéphirin, kusema kweli, alikuwa amemkataza Gaëlle. Tina pia aliwaza, na hili hakulisema kwa mtu mpaka siku nyingi baadaye, kwamba lilikuwa neno zuri kuliko yote arobaini na moja ya Magloire. Dole gumba likaendelea.

"...na leo iko mu sanduku yake ya maputa na manguo. Gracien atafute mupaka achoke. Mungu ni mukubwa. Maître Zéphirin ni muntu ya Mungu. Amina."

"Amina," lilijibu shirika zima.

Tina alimpiga Martine picha akiwa na kitambaa chake cha kichwa cha buluu, akaitia juu ya maneno, akabonyeza. Akampa mumewe nyota tano kwa jina la Martine. Akaenda nyumbani akiimba.

*

Likasi ni mji unaopenda kesi za wengine. Kufikia Ijumaa jioni ushuhuda wa Martine ulikuwa umesambazwa mara mia mbili; kufikia Jumapili, mara mia sita. Simu ya ofisi ililia hata wakati wa misa. Jumamosi benchi lilijaa, na wengine wakasimama. Zéphirin, ambaye simu yake ilikuwa ya vibonyezo na haikuonyesha kitu ila namba, alitoa kravate yake, tai ya rangi ya divai, akapiga mluzi akinyoa ndevu.

"Ile adresse ya Gaëlle imefanya kazi," alikiri. "Mutoto iko na kichwa."

Tina alimkaanga samaki wa mto Lufira wawili badala ya mmoja, asiseme neno. Nusu ya furaha yake ilikuwa woga, lakini ile nusu nyingine ilikuwa tamu, na tangu lini mtu anaitema tamu iliyo mdomoni? Mtu mmoja hata alipita akiuliza ofisi ya Zéphirin kwenye duka la dawa, chini kabisa ya madirisha ya Magloire. Mwenye duka alikuja kumsimulia. Tina alicheka mpaka akashika mlango.

Gaëlle alirudi Jumatatu asubuhi na basi la kwanza. Njiani alinunua mega, akafungua ukurasa, na aliposhuka hakwenda kunywa chai. Aliingia ofisini moja kwa moja.

"Mama. Ni weye?"

"Punguza sauti."

"Mama, ni weye njo uliandika ile?"

Hapakuwa na wakati wa kujibu. Lango lilifunguliwa kwa teke, akaingia Martine bila kitambaa kichwani, na nyuma yake mwanamke mfupi mwenye vumbi la barabara ya Kapolowe mpaka magotini. Zéphirin alitoka ofisini na kalamu mkononi.

"Ongea," Martine alimwambia yule mfupi. "Uambie Maître yenye ulifanya."

Huyo alikuwa Arielle, dada yake. Alizungumza akiangalia sakafu. "Balikuya jana, bawili, na pikipiki. Bakanisalimia muzuri. Bakasema, Martine ametutuma, Maître iko na lazima ya makaratasi leo lundi ku tribunal. Mi nikakataa. Nikasema, mi siwajue. Njo bakanionyesha téléphone. Niliona photo ya dada yangu. Niliona jina ya Maître juu. Bakanisomea: Arielle, Kapolowe, nyuma ya mission, mu sanduku ya maputa. Bakasema, ona, ni Maître mwenyewe aliandika, tungejua namna gani?" Akajifuta pua kwa mkono. "Nikafungua sanduku."

Zéphirin aliomba kuona. Gaëlle alimshikia simu, naye akasoma, akianzia juu mpaka Amina, akarudia. Ndipo akauliza, kwa sauti ya chini aliyoitumia mahakamani kabla ya kummaliza shahidi:

"Nani aliandika?"

Martine alimtazama Tina. Alingoja. Alikuwa mgeni katika nyumba ya mtu, na palikuwa na mwenye nyumba wa kujibu swali lile.

Tina alikuwa na muda wa kusema. Hata baadaye alipojitafutia visingizio, hicho hakukipata. Alikuwa na muda mrefu tu. Hakuutumia, na mumewe akamgeukia yule aliyezoea kumlaumu.

"Gaëlle. Nilikuambia nini ku meza?"

Gaëlle alimwangalia mama yake. Akangoja naye. Kisha akasema, "Uliniambia hakuna jina ya client, papa."

"Toka mu nyumba yangu."

"Zéphirin..." Tina alianza.

"Toka! Aende kwa shangazi yake, aende kwa Magloire, aende penye anataka! Muntu amepoteza nyumba juu ya nyota!"

Gaëlle hakuwa hata amefungua mfuko wake wa safari. Aliuokota pale ulipokuwa, akatoka. Alipompita mama yake alimwambia kitu kimoja tu, polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililouma: "Nimefuta ile post. Lakini bameishaicopier."

Martine aliona yote. Akatema mate kwenye kizingiti cha ofisi, akakaa kwenye benchi la wageni.

*

Tangu siku ile alirudi kila asubuhi. Alikuja ofisi ikifunguliwa, akakaa kwenye benchi mkabala na meza ya Tina, na kuondoka ikifungwa. Hakusalimu. Hakula alichopewa. Wateja wapya walioletwa na ile picha waliingia, wakamkuta mwenye picha mwenyewe amekaa hivyo, wakakumbuka shughuli nyingine. Siku ya pili benchi lilikuwa lake peke yake.

Jumanne Gracien alipita. Alikuwa mwanamume msafi, wa shati lililopigwa pasi. Alisimamisha pikipiki langoni bila kuzima injini.

"Mama Tina! Aksanti kwa publicité. Adresse ilikuwa sawasawa. Hatukupotea hata kidogo."

"Gracien, ile ni wizi. Mulidanganya muntu."

"Wizi? Makaratasi ya ndugu yangu?" Alicheka. "Samedi tunatia sinyatiri. Muntu wa Kamatanda, kule ku migodi, iko na franga, anataka kutia dépôt ya mawe yake ya madini. Umuambie Martine akusanye masufuria."

Zéphirin alilisikia hilo dirishani. Jioni alimweleza mkewe, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumweleza. Kesi ingesikilizwa tarehe kumi na nne. Jumamosi ilikuwa tarehe tisa. Mnunuzi akishalipa na kupewa karatasi, atabomoa nyumba Jumatatu, na mahakama ije kuhukumu juu ya mchanga.

"Akijua kuna kesi atakimbia," alisema. "Hakuna mufanyabiashara ananunua matata. Lakini ni nani? Ku Kamatanda ba négociant beko mia. Jina lake hatulijue, na Gracien hatamuambia kama kuna kesi."

"Watu mia sita balisambaza ile ya kwanza," alisema Tina.

"Usiseme tena ile neno mu nyumba hii."

Akatupa bahasha mezani. Ilikuwa imeletwa mchana, yenye muhuri wa mkuu wa mawakili. Magloire, ambaye ndiye aliyekuwa akimtetea Gracien, alikuwa amelalamika: Maître Zéphirin anatangaza kesi zake mtandaoni ili kuvuta wateja. Zéphirin aliitwa kujieleza mwisho wa mwezi. Na mstari wa chini ulisema kwamba, mpaka asikilizwe, neno jingine lolote likitoka kwenye ukurasa wa ofisi yake, angevuliwa toga papo hapo.

"Miaka makumi tatu," alisema. "Hata onyo moja sikupata. Sasa nitajitetea namna gani? Niseme ni mutoto yangu?"

Hapo tena Tina alikuwa na muda. Alikusanya sahani.

*

Alhamisi shirika lilikuwa zamu ya nyumba yao. Zéphirin alitaka waambiwe wasije. "Nani atakuya?" alisema. "Batakuya kutuchunga kama bantu ya ku zoo." Tina hakuwaambia. Alifagia ua, akapanga viti, akaweka msalaba na mshumaa juu ya meza ya ofisi. Kisha akampigia simu Gaëlle, akamwomba aje na simu yake ikiwa na mega.

Walikuja wote. Hakuna aliyekosa, hata wale wa kuumwa magoti. Hawakumpa mkono. Kina mama walikaa upande mmoja na kuacha kiti kimoja kitupu kila upande wa Tina. Martine aliinuka kutoka benchi lake na kuhamia uani, akakaa mbele kabisa, mikono kifuani. Gaëlle alibaki amesimama langoni kama mpita njia. Baba yake alimwona kutoka mlango wa ofisi, hakumfukuza.

Rozari ilikwenda haraka haraka. Papa Adolphe, mkubwa wa shirika, mzee wa kiwandani aliyestaafu, akauliza kama desturi: "Nani iko na ushuhuda?"

Tina akasimama.

"Minye Tina, bibi ya Maître Zéphirin, secrétaire ya hii cabinet. Jeudi yenye ilipita nilichukua ushuhuda ya Martine, nikaitia ku téléphone. Gaëlle hakukuwa. Gaëlle alikuwa Lubumbashi. Ni minye."

Zéphirin alishika fremu ya mlango.

"Bwana yangu alikuwa amekataza. Nilisikia na masikio yangu. Nilifika ku neno Kapolowe, nikasimama. Nilijua, ba mama. Nilijua ni mubaya, na nikaendelea, juu nilitaka nyota. Nilitaka Magloire aone. Bwana yangu akafukuza mutoto, minye nikanyamaza. Siku tatu nilinyamaza. Nilikuwa napika na kunyamaza."

"Tina," alisema Zéphirin. "Inatosha."

"Mama," Papa Adolphe alijikohoza, "hii ni maneno ya nyumba. Tusali kwanza, halafu..."

"Haikatwake."

Alikuwa Martine. Hakugeuza kichwa, wala sauti yake haikuwa na huruma hata ya kulamba. "Yangu hakuikata. Na yake isikatwe. Amalize."

Papa Adolphe akakaa. Tina akamwita binti yake asogee, ashike simu juu, arekodi. Gaëlle akavuka ua kati ya viti.

"Bantu ya Likasi na ya Kamatanda," Tina alisema, sasa akiangalia kioo kile kidogo, "lupango ya marehemu Pitshou, Kikula, nyumba ya mulango ya kijani mbele ya pompe ya maji, iko ku tribunal. Kesi ni tarehe kumi na ine. Gracien na ndugu yake balichukua makaratasi Kapolowe na uongo, banaonyesha page ya hii cabinet. Samedi banataka kuuzisha. Mwenye atanunua ananunua matata, na asiseme hakuambiwa. Mwenye anasema ni minye, Tina. Kosa ilianza kwangu."

Gaëlle alishusha simu. Video ilikuwa tayari. Ilibaki kubonyezwa tu. "Niitie wapi, mama? Ku page yangu hakuna muntu. Ku ya cabinet beko elfu mbili."

"Gaëlle," alisema Zéphirin. Alikuwa ameteremka ngazi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alilitamka jina hilo bila kulitupa. "Tina. Nisikilizeni. Ikitoka ku page ya cabinet, kesho niko pasipo toga. Barua iko pale. Muliisoma."

"Niliisoma."

"Minye sikuandika. Minye sikukosa kitu!"

"Hata Martine hakukosa kitu," alisema Tina.

Zéphirin alimwangalia Martine, mteja wake, mjane ambaye yeye Zéphirin, kwa kinywa chake mwenyewe, alimwambia afiche karatasi mbali. Alitaka kusema jambo la kisheria. Lilikuwepo, lazima lilikuwepo, alilitafuta katika miaka yake yote thelathini ya uwakili na hakulipata. Hakusema ndiyo. Akageuka, akaingia ofisini, akafunga mlango.

Dole gumba la Gaëlle lilikuwa linangoja.

"Leta," alisema Tina. "Si weye. Ni minye."

Akabonyeza.

*

Jumamosi mtu wa Kamatanda hakufika. Gracien alingoja mbele ya ofisi ya ardhi mpaka saa nane, katika shati lake la pasi, na watu waliompitia walimwonyesha simu zao. Jumatatu nyumba ya mlango wa kijani ilikuwa bado imesimama. Karatasi bado ziko kwa Gracien, na kesi bado inaendelea mikononi mwa wakili mwingine. Lakini Martine analala kwake. Kanisani humpa Gaëlle mkono. Humpita Tina kama kiti.

Zéphirin alivuliwa toga kwa mwaka mmoja. Alikitoa kibao yeye mwenyewe, kwa kisu cha jikoni kwa kuwa bisibisi haikuonekana, na ukutani yakabaki matundu manne. Alimwita Gaëlle arudi nyumbani. Na mkewe huzungumza naye kuhusu chumvi, umeme na mvua tu.

Gaëlle alijaribu kuuondoa ukurasa, haukuondoka. Uliomba namba, halafu namba nyingine, halafu kungoja. Na wakati wakingoja nyota zilizidi kumiminika, kutoka kwa watu wasiowajua, wa Kolwezi na wa Lubumbashi, walioiona ile video. Zilipita arobaini na moja. Mwezi wa pili zilifika mia na tatu. Leo ukiandika "avocat" ukiwa Likasi, wa kwanza kutokea ni Zéphirin.

Asubuhi moja lango likabishwa. Alikuwa kijana wa mgodini mwenye mkono uliofungwa bendeji, simu mbele ya uso.

"Mama, ni hapa kwa Maître Zéphirin?"

Zéphirin alikuwa amekaa uani na fulana, akichambua maharagwe. Aliinamia bakuli zaidi.

"Hapana, baba," alisema Tina.

Kijana aliangalia matundu manne ukutani, akaangalia simu. "Shi inasema nimefika. Njo yee wa kwanza mu Likasi yote. Nyota tano."

Tina alitoka nje ya lango. Akamshika kijana bega kwa upole, upande usio na jeraha, akamgeuza kuelekea barabara.

"Uende kona ya pili," alisema, "juu ya duka ya dawa. Uulize Maître Magloire. Haiko mbali. Mètre mia mbili."